Mama Mkwe na Hita za Matofali

Nyumba tuliyopanga Minto ilikuwa na hita mbili za aina ambayo watu wengi wa Sydney hawajapata kuiona. Mimi mwenyewe sikuzijua mpaka nilipozikuta zimeegemea ukuta, moja sebuleni na moja chumba kikubwa cha kulala, pana na nzito, rangi ya maziwa. Ndani hazina feni wala mafuta. Zina matofali. Usiku, wakati umeme ni wa bei ya chini, ule ambao wenyeji wanauita off-peak, nyaya zinayapasha matofali moto, na mchana kutwa matofali yanaliachia joto lile kidogokidogo. Ni kama sufuria nzito iliyoepuliwa jikoni: moto haupo tena, lakini ukiweka mkono unauondoa haraka. Mzee aliyeishi hapo kabla yetu ndiye aliyezifunga, na wakala wa nyumba alituambia kwamba tukizitunza zitaishi kuliko sisi.

Anayedhani Sydney haina baridi hajalala Minto mwezi wa Julai. Kule pwani ya jiji watu wanavaa koti kwa urembo. Kwetu sisi umande unaganda juu ya kioo cha gari, na mimi ninayeendesha lori nimezoea kuukwangua kwa kadi ya zamani ya maktaba huku nikitukana kimoyomoyo. Mke wangu alikuwa mjamzito wa miezi tisa. Mwanzoni mwa Juni nilizungusha vifungo vya hita, na asubuhi yake nyumba ilikuwa na joto tamu, la kukufanya uvue soksi. Nilijisifu wiki nzima. Nilimwambia mke wangu mtoto wetu atazaliwa kwenye baridi ya Australia na hataijua.

Kisha akaja mama mkwe.

Alitoka Tanga peke yake, ndege tatu, mwanamke wa miaka sitini na nane ambaye hajui Kiingereza zaidi ya salamu, akapita uwanja wa ndege na mabegi mawili na mkaja wa kumfunga bintiye tumbo. Alikuja kwa ajili ya arobaini. Kwetu mwanamke akijifungua anakuwa mzazi, na mzazi halei mtoto tu, naye analelewa: anakandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, anafungwa tumbo, ananyweshwa uji wa pilipili manga, na zaidi ya yote anakingwa na baridi, kwa siku arobaini. Kazi hiyo ni ya mama yake. Dada zake wawili mke wangu wamejifungua Tanga na wote wamepita mikononi mwa mama. Huyu wa mwisho alikuwa amehama, basi mama akapanda ndege kumfuata.

Lazima niseme habari ya mkwe, maana bila hiyo hutanielewa nilivyokuwa mjinga. Kwetu mama mkwe ana heshima yake nzito. Sikai alipokaa, sili anapokula, na chumba anacholala sikikanyagi. Nikitaka kumwambia neno namwambia mke wangu, naye analipeleka hatua tatu upande wa pili wa ukuta, ingawa mama ameshalisikia tangu lilipotoka kinywani mwangu. Watu wenye nyumba kubwa wanaiweza adabu hiyo bila kujichosha. Sisi tulikuwa na vyumba viwili, kijichumba cha nyuma na ukumbi mwembamba, kwa hiyo nilikuwa nakohoa kila nilipotaka kupita, kama mtu mwenye kifua kibovu. Mama alichukua chumba kikubwa pamoja na bintiye. Mimi nikahamishiwa kijichumba cha nyuma, jirani na mashine ya kufulia, na siku ambazo sikuwa kazini, mama akiingia sebuleni baada ya chakula cha jioni, mimi natoka kwa mlango mwingine. Siku nyingi hata hivyo sikuwepo. Nabeba makontena kutoka bandari ya Port Botany zamu ya usiku, naondoka jua linapozama na kurudi linapochomoza.

Mtoto alizaliwa siku nne baada ya mama kufika, kwa upasuaji. Siku zile tulikuwa tunakimbia kati ya nyumba na hospitali na hakuna aliyejali hita. Nilipowaleta nyumbani mzazi na mtoto, nikafungua mlango, nyumba ilikuwa baridi kama yale makontena ya nyama ninayoyabeba. Nikaweka kiganja juu ya hita ya sebuleni. Ilikuwa na uvuguvugu kidogo sehemu ya chini, basi. Ile ya chumbani mke wangu aliigusa mwenyewe, akasema nayo ni hivyohivyo.

Nikaanza kutafuta kosa. Naipenda kazi ya kutafuta kosa, hasa likiwa la mtu mwingine. Nilikwenda kwenye kisanduku cha mita nje ya nyumba, nikakuta breka zote, zile swichi za kukata umeme, ziko juu. Nikarudi ndani, nikatazama swichi ya ukutani pembeni ya hita: imewashwa. Nikampa mke wangu maelekezo aitazame ya chumbani: imewashwa. Hita hizi zina vifungo viwili, kimoja cha kuamua ziingize joto kiasi gani usiku, kingine cha kuamua zitoe kiasi gani mchana. Nilikizungusha cha kwanza mpaka mwisho. Nikangoja siku moja. Asubuhi yake uvuguvugu ni uleule. Nikakizungusha na cha pili mpaka mwisho, na hapo nikaharibu zaidi, maana hata kile kidogo kilichokuwemo kilikwisha kabla ya saa nne asubuhi.

Ndipo nikakumbuka kwamba wiki ileile aliyofika mama, watu wa umeme walikuja kubadilisha mita. Walitoa ile ya zamani yenye gurudumu, wakaweka ya kidijitali. Nilifurahi jinsi mtu anavyofurahi akipata wa kumlaumu. Hata saa ya maikrowevu ilikuwa inapepesa kila asubuhi nirudipo, nairekebisha, kesho nakuta inapepesa tena, na hiyo nayo nikaiweka kwenye mashtaka ya mita. Nilipiga simu. Dada wa kwenye simu alikuwa mpole, mimi sikuwa. Nilimwambia ndani ya nyumba yangu kuna mtoto mchanga, na kwamba wasipokuja nitazipakia hita zao kwenye lori niwaletee mlangoni. Aliniambia kwa utulivu kwamba hita si zao. Baada ya siku mbili akaja mtu, akaipima mita, akasema haina kosa. Wakala wa nyumba naye akaleta fundi, kijana mwenye haraka, adhuhuri, wakati umeme wa off-peak haupo. Alipima anachoweza kupima, akaandika kwenye simu yake kwamba hakuona tatizo, akasema labda ni mita. Nikabaki napigwa danadana baina ya watu wawili ambao wote walikuwa wakweli.

Mwenye kuumia hakuwa mimi. Mama alikuwa anachemsha maji, anamkanda bintiye, anamfuta, na kabla hajamaliza kumfunga mkaja mwili umeshapoa. Mtoto alivikwa kofia mbili. Tulinunua hita ndogo ya feni, lakini mama hakuiamini. Aliiwasha akiwa ameikodolea macho na kuizima akihisi usingizi. Siku ya saba ya arobaini aliomba makaa. Alitaka kuweka jiko chumbani, kama walivyofanya wazee wake, na mimi nikakataa. Nilimtuma mke wangu aeleze kwamba nyumba za huku zimefungwa madirisha, na moshi wa makaa usioonekana unaua watu wakiwa wamelala. Nilikuwa na haki, na hata leo ningekataa. Lakini nililisikia jibu lake ukutani, na lilinichoma. Alimuuliza bintiye: "Kama siwezi kukutia joto, mimi nimekuja kufanya nini?"

Jioni ya siku ya tisa mke wangu alinifuata jikoni, macho mekundu, akaniambia mama anataka tiketi yake ibadilishwe, arudi Tanga mapema. Hakuwa amekasirika. Alikuwa amepima akaona hafai kitu, na mama si mtu wa kukaa mahali ambapo hafai kitu. Mke wangu hakuwa na uwezo wa kuinua hata ndoo. Mimi nilikuwa nashinda nimelala na kukesha bandarini. Mama akiondoka, sijui tungeishije, na zaidi ya hapo nilijua kwamba akiondoka kabla ya arobaini, mke wangu angeibeba siku hiyo maisha yake yote. Nilimwambia anipe siku moja.

Dereva mwenzangu, Mkongo, alikuwa ameniambia habari za fundi mmoja wa kwao mwenye duka dogo Granville, la kutengeneza friji na mashine za kufulia. Nilimpigia asubuhi, na saa tano alikuwa mlangoni. Alikuwa mzee kunizidi, mfupi, amevaa sweta ndani ya koti la suti. Baadaye niliambiwa kwamba kule Bukavu alifanya kazi ya umeme miaka ishirini, na alipofika Australia vyeti vyake havikutambuliwa, akaanza upya darasani na vijana wa umri wa wanawe, kwa Kiingereza, mpaka akapata leseni. Siku ile sikulijua hilo. Niliona tu mtu ambaye hana haraka, na mimi nilikuwa na haraka.

Nilianza kumweleza habari ya mita. Alinisikiliza kwa adabu huku macho yake yakitembea. Alipopita jikoni alisimama mbele ya maikrowevu, akaitazama saa inavyopepesa, maana asubuhi ile sikuwa nimeirekebisha, kisha akaendelea. Sebuleni alipiga goti, akaipapasa hita kwa mgongo wa mkono, juu, katikati, halafu chini kabisa, na pale chini akauacha mkono muda mrefu. Akaomba aguse na ya chumbani. Mke wangu na mama wakampisha, wakaingia jikoni, naye akaenda akarudi. Begi la vifaa alikuwa bado hajalifungua.

"Hii kitu haiko mugonjwa," alisema. "Iko na njaa."

Nilimuuliza ana maana gani. Akaniambia hita iliyokufa haina hata uvuguvugu, na hizi zote mbili zinao, kiasi kilekile, mahali palepale. Nyaya zake ni nzima, matofali ni mazima, umeme unafika. Ila unafika kidogo, labda saa moja kwa usiku mzima. Nikasema nilijua, ni mita. Akatikisa kichwa. Halafu akaniomba kitu ambacho kiliniudhi: alitaka kuongea na mtu anayeshinda na kulala humu ndani, si mimi.

Nilimweleza kuwa huyo ni mama mkwe wangu. Alielewa mara moja. Kwao nako mkwe ni mkwe. Akachukua kiti akakiweka ukumbini, nje kidogo ya mlango wa jikoni, akakaa akiwa ametazama ukuta, akamwamkia mama bila kumuona. Mama akaitikia kutoka ndani. Alimpongeza kwa mjukuu. Aliuliza safari ilikuwaje, Tanga kukoje, mzazi anaendeleaje, na mama aliyekaa wiki mbili bila kuongea na mtu mzima isipokuwa bintiye, akafunguka. Chai ikaja. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kona nikihesabu dakika. Nilidhani nimeleta mtu wa porojo.

"Mama," fundi aliuliza, "mbele ya kulala, unafanyaka nini?"

Na mama akamwambia, kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake. Akishaswali isha anamlaza mzazi, anamfunika mtoto, anafunga mlango wa jikoni na wa mbele. Kisha anazungukia swichi. Zote, chumba kwa chumba, moja baada ya moja: ya runinga, ya birika, ya maikrowevu, ya mashine ya kufulia, za ukutani. Halali na umeme uliofunguliwa. Friji tu ndiyo anaiacha, na hiyo ni kwa sababu bintiye alimwomba. Akiamka alfajiri kuweka maji ya kumkanda mzazi anaziwasha tena zote, ili baba wa mtoto akirudi kazini akute kila kitu kiko tayari.

Damu ilinipanda kichwani. Siku kumi. Simu zote zile, matusi yote yale, dada wa watu nimemfokea, na usiku kucha umeme wa off-peak unakuja mpaka ukutani unakuta mlango umefungwa! Na kila nilipotazama swichi nilikuta imewashwa, kwa kuwa mimi natazama asubuhi. Nilifungua mdomo. Sijui ningesema nini, lakini lisingekuwa jambo la kusema mbele ya mkwe. Fundi alininyakua kifundo cha mkono bila hata kugeuka, akamshukuru mama kwa chai, akanivuta mpaka nje kwenye kisanduku cha mita.

Pale nje akaniachia mkono. Alikifungua kisanduku, akajifanya anatazama breka, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Ulimuonyesha nyumba?"

Nikamwambia sielewi. Akauliza tena, kwa upole, kama mama huyu alipofika kuna mtu yeyote aliyemweleza kwamba mashine hizi zinakula usiku. Nilianza kujibu habari ya heshima, kwamba sikai naye, siingii anapoingia, na nikasikia maneno yangu yanavyoishiwa nguvu kadiri yanavyotoka. Mgeni akifika unamwonyesha nyumba. Hilo hata mtoto anajua. Mimi nilikuwa nimemheshimu mkwe wangu mpaka nikamwacha gizani. Na mke wangu asingeweza kuliona, kwa sababu amekulia kwenye nyumba ambayo swichi huzimwa kila usiku. Mimi pia. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilikuwa nachomoa hata chaja ya simu kabla ya kulala. Kwetu umeme unakatika, na ukirudi unarudi na hasira, na kila mtu ana friji au redio iliyokufa kwa namna hiyo.

Nikamwomba basi tumdanganye mama. Tumwambie kulikuwa na waya umekatika, na sasa umeungwa, na swichi zisiguswe. Nilidhani atakubali, maana ndiye aliyenizuia kumwaibisha. Alikataa.

"Juu ya courant sisemi uongo," alisema, akimaanisha umeme. "Uongo ya courant inauaka watu. Lakini sitasema ni nani."

Tukarudi ndani. Akakaa kwenye kiti chake kilekile, akamweleza mama, taratibu na bila kumfundisha kama mtoto, jinsi matofali yanavyokula usiku na kutoa mchana. Akasema swichi zote anaweza kuendelea kuzizima, na anafanya vyema, ila hizi mbili ziachwe. Hazina hatari ikiwa hakuna nguo juu yake. Zina kifaa ndani kinachokata umeme zikizidi moto, na kwa mara ya kwanza akafungua begi, akaifungua hita ya sebuleni, akakipima kifaa hicho huku mke wangu akitazama ili amweleze mama alichokiona. Kilikuwa kizima. Akafunga.

Halafu mama akatoka jikoni. Alisimama mlangoni, kanga kichwani, mtoto begani, mbele yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Kwa hiyo kilichokuwa kimeharibika ni nini, fundi?"

"Hakuna, mama."

Alitazama hita, akatazama swichi. Niliona uso wake ukihesabu usiku wote aliozunguka. Mtu mwingine angenyamaza, na sisi sote tungemsaidia kunyamaza.

"Basi ni mimi," alisema.

Nilimwambia mke wangu, kwa haraka, amwambie mama kosa ni langu, mimi ndiye sikumwonyesha nyumba. Mama hakungoja maneno yapite kwa bintiye. Alisema amenisikia. Kosa langu lipo, akasema, na lake lipo, na lake ndilo lililomtia mwanawe baridi. Kisha akatueleza, bila kulia na bila kujitetea, habari ya mdogo wake wa kike. Umeme ulikatika akiwa anapiga pasi. Akaiacha pasi juu ya kitambaa, akalala. Umeme ukarudi watu wakiwa usingizini. Alitolewa hai, nyumba ikabaki kuta. Mke wangu aliijua mikono ya mama yake mdogo, ile ngozi iliyokunjana mpaka kwenye viwiko, alikuwa ameishi naye nyumba moja utoto wake wote, na siku zote aliambiwa tu kwamba aliungua. Hakuna aliyemwambia kwamba mama yake ndiye aliyeingia kumtoa, na kwamba tangu siku ile mama hajawahi kulala kabla ya kuizunguka nyumba.

Nilikuwa nimemdhania mkaidi wa kizamani. Kumbe kila usiku, ndani ya baridi ile, na miguu yake mibovu, alikuwa anatulinda.

Fundi aliinamisha kichwa. Alipoinua, alimwambia mama kwamba kama kungekuwa na mtu wa namna yake katika kila nyumba, yeye angekosa kazi. Mama alitabasamu kidogo. Akasema atajaribu usiku mmoja. Swichi mbili zile ataziacha. Akishindwa kuvumilia, tumtafutie tiketi, kwa sababu hawezi kuwa mzigo kwa mzazi wala hawezi kukaa ndani ya nyumba anayoiogopa. Fundi alifunga begi lake ambalo hakulitumia ila dakika tano, akakataa chakula, akanywa kikombe cha pili cha chai kwa sababu mama ndiye aliyekimimina, akaenda zake Granville. Nimekutana na mafundi wengi kwenye kazi yangu, wa injini, wa breki, wa kreni kubwa za bandarini. Sijaona mwingine anayeanza kumchunguza mtu kwa heshima kabla ya kuigusa mashine.

Jioni ile nilikwenda kazini sina raha. Nilikuwa kwenye foleni ya malori pale bandarini nikitazama simu kila mara, na mke wangu hakuandika kitu. Nilijisemea amelala. Kisha nikajisemea mama ameshafungasha. Nilipomaliza zamu niliendesha kurudi Minto mikono imekaza usukani, na nilipofika kioo cha gari la jirani kilikuwa cheupe kwa umande ulioganda.

Nilifungua mlango, joto likanipokea usoni.

Nilisahau kukohoa. Nikaingia sebuleni moja kwa moja, nikamkuta mama amekaa kwenye kiti cha mbao, uso kwa uso na hita, mgongo wima. Pembeni mwake kulikuwa na ndoo ya mchanga ambao nadhani aliukomba bustanini kabla ya magharibi, maana alijua moto wa umeme haumwagiwi maji. Mlango wa chumba kikubwa ulikuwa wazi ili aweze kuiona na hita ya pili. Nilisikia pumzi za mke wangu, nzito, za mtu aliyelala kweli kwa mara ya kwanza tangu ajifungue. Macho ya mama yalikuwa mekundu. Hakuwa amepata hata lepe la usingizi.

Alinitazama, hakuinuka.

"Haikuwaka," alisema. "Mtoto nimemvua kofia zote mbili."

Nilisimama pale na koti langu la kazini. Nilimwona mwanamke anayekiogopa kitu kile kuliko vyote duniani, na aliyekaa nacho usiku kucha, kwa umbali wa mkono, ili mwanawe apate joto. Nilimpenda mama yule kwa namna ambayo adabu yetu haina mahali pa kuisemea. Basi nikavuta kiti cha pili, nikakiweka karibu na chake, nikakaa, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yangu nikamwambia neno mimi mwenyewe, bila kulipitisha popote.

"Mama, kalale. Zamu yangu sasa."

Alinikagua kidogo, kama anapima kama naaminika. Kisha akainuka, polepole kwa ajili ya magoti, akaisogeza ndoo ya mchanga mpaka miguuni kwangu.

"Usisinzie," alisema. "Zimebaki siku ishirini na tisa."

Akaingia chumbani kwa bintiye. Umeme wa off-peak ulikuwa umeshakatika kwa siku hiyo. Ndani ya hita mlikuwa na matofali tu, yanapoa taratibu kama yalivyotengenezwa. Nililijua hilo. Nilikuwa nimeendesha lori kwa muda wa saa kumi. Nikakaa pale nimeikodolea macho hita, ndoo katikati ya miguu, mpaka mama alipoamka.